Maji Nyuma ya Gari

Dada yangu Mahrokh,

Milozi imechanua, na mama anakula vizuri kidogo.

Kama kila mwaka, mimi na Faramarz tulimchukua kaka yetu Siamak tukazurure milimani. Tulisimama kila penye kijito kuchemsha chai. Siamak akamtania Faramarz: "We vipi, umebeba bibi harusi? Kanyaga mafuta!"

Siku tuliyoondoka, mama alitoka na bakuli la maji ayamwage nyuma ya gari, ili tuende turudi. Siamak akacheka: "Mama, usijisumbue. Daktari kashasema." Mama akamwaga yote.

Akikwambia maji yale yalifanya kazi, usimbishie. Siamak alirudi, kichwa mapajani mwangu, nimeshamfumba macho. Faramarz aliendesha polepole zaidi, na hakuna aliyemtania.

Akuliliaye huku,
Kiumars