Ananificha Nyuma ya Pazia, na Muziki Ni Wangu

Mpendwa Shangazi Edah, naomba msaada wako kabla sijaharibikiwa kabisa, maana mambo yamenifika hapa na nyumbani sina wa kumwambia, mama husema mwanamke hajitangazi na baba haelewi hata kazi ninayoifanya. Mimi ni msichana wa Kabras, natunga nyimbo kwa kinanda cha stima ambacho kaka yangu aliniletea kutoka Mombasa, na ili unielewe, Shangazi, kinanda hiki kinakumbuka unachokipiga, kwa hivyo naanza na ngoma, naipiga ile kubwa ya isukuti kwa kidole kimoja mpaka ikae sawa, halafu naongeza ndogo juu yake, halafu besi, halafu gita, zote kwa mikono yangu, na wimbo mmoja unaweza kunimalizia wiki nzima ndipo niuweke kwenye disketi, na siku ya harusi bado naketi pale nikiongeza na kupunguza kulingana na watu wanavyocheza.

Sasa kuna Wangila, mchumba wangu, ambaye ana sauti tamu, hapo siwezi kudanganya, lakini kupiga hajui, nilijaribu kumfunza akasema vidole vinamuuma. Tulipoanza kuitwa kwenye harusi alitafuta kinanda kibovu, hata hakiwaki, akakisimamisha mbele yake, akaniambia, "Awinja, wewe kaa nyuma ya pazia, watu wa huku wakiona msichana kwenye mashini watasema bendi ni ya mchezo," nikakubali kwa sababu nilimpenda, na tukaendelea hivyo, yeye mbele akipapasa kinanda kimya na kutoka jasho, mimi nyuma nikipiga karibu na jenereta, na wanawake wakimfunga leso shingoni.

Juzi tulikuwa harusini Navakholo, jua kali, na nyanya ya bibi harusi akamwendea Wangila akamwambia, "Mwanangu, punguza mwendo kidogo na sisi wazee tucheze," nami nikasikia nikapunguza, yule nyanya akafurahi sana akamshika Wangila mikono yote miwili amshukuru, na muziki, Shangazi, ukaendelea! Watu wakaanza kutazamana. Mzee mmoja akasema, "Kijana ameshikwa mikono na mashini bado inaria!" wakacheka, na jamaa mmoja akaja akafunua pazia akanikuta vidole vyangu vikiwa kazini, akauliza, "Na huyu ni nani?" Wangila akachukua maikrofoni akasema, "Huyo ni mtu wangu wa nyaya, ni mgonjwa wa macho, mwanga unamuumiza, tafadhali shusheni pazia." Nami, Shangazi, nikanyoosha mkono nikalishusha mwenyewe.

Tukirudi nyumbani nililia, akaniambia nisiwe mtoto. Sasa amepata mtu mjini Kakamega wa kutoa kanda yetu, na jalada nimeliona, ni picha yake peke yake ameegemea kinanda changu, na imeandikwa kwamba nyimbo zote zimetungwa na kupigwa na Wangila. Nilipomuuliza akasema, "Mashini inajipiganga yenyewe, wewe unabonyeza tu. Ukinyamaza, Desemba naleta ng'ombe kwa baba yako. Ukisema, hakuna harusi." Nampenda, na umri unaenda, nina miaka ishirini na sita. Je, ninyamaze mpaka Desemba, au niseme nimpoteze?

Awinja, Malava
Septemba 1996

Awinja,

Pole. Kuitwa mgonjwa wa macho mbele ya harusi nzima, tena na mtu anayekuita mchumba, ni tusi. Lakini pole ni hiyo moja tu, sitakuongezea nyingine, maana pazia hakulishusha Wangila. Ulilishusha wewe.

Tuanze na huyo bwana wa kinanda kibovu. Wanaume wavivu nimewaona wengi, lakini wa kutokwa na jasho juu ya kinanda kisicho na stima, huyo ni mgeni kwangu. Ati mashini inajipiga! Jembe nalo ni chuma tu. Aliache shambani peke yake, arudi atazame kama limelima. Na kama kinanda kinajipiga, anakuhitajia nini? Si angekiacha pale na soda juu yake, aimbe? Anajua vizuri sana kazi ni ya nani. Ndiyo maana anakuficha. Mtu hafichi kitu kisicho na thamani.

Unasema sauti yake ni tamu. Vizuri, aimbe! Nani amemkataza?

Na hao ng'ombe wa Desemba. Binti yangu, anayekuposa kwa vitisho atakuweka kwa vitisho. Leo unanyamaza upate harusi, kesho utanyamaza upate chumvi. Unaogopa kumpoteza? Ulishampoteza pale Navakholo, kilichobaki ni wewe kupata habari. Akufukuzaye hakwambii toka, na huyu hata amekurahisishia, amekuambia kwa maikrofoni. Halafu unaniletea miaka ishirini na sita kana kwamba ni homa. Nenda zako!

Sasa sikiliza. Kinanda kama kiko kwake, kakichukue leo, mchana, ukifuatana na mjomba wako yeyote mwenye sauti nzito, na usiache disketi hata moja. Kisha nenda kwa huyo mtu wa kanda kabla hajatoa kitu. Usimlilie wala usimsimulie mapenzi, hayamhusu. Washa kinanda, mpigie wimbo mmoja tangu ngoma ya kwanza mpaka gita, akuone unavyoujenga. Halafu mwombe amwite Wangila, aketi palepale, aupunguze mwendo wimbo huohuo. Hutahitaji kusema neno. Jalada liandikwe upya: ametunga na kupiga Awinja, ameimba Wangila. Wangila akikataa, mwache aende na kidomo chake. Kwaya za huko kwenu zimejaa waimbaji wanaotafuta wa kuwapigia.

Mama yako nisalimie, umwambie sijamvunjia heshima. Kutaja jina lako kwenye kazi yako si kujitangaza.

Na harusi ijayo uketi mbele. Vaa gauni unalolipenda, taja jina lako na la baba yako, kisha piga. Watakuwepo wajinga wa kucheka wakiona msichana kwenye mashini. Wakicheka, ongeza sauti.

Shangazi Edah