Ujumbe Uliosomewa Malishoni

Kwako Baba,

Leo nimekukasirikia tena, na wewe umelala pale Lalago kando ya mama, huwezi hata kunijibu. Basi nisikilize.

Unakumbuka nilipojaza maombi ya chuo? Nyumba nzima tulikuwa na simu moja, yako, nami nikaandika namba yake kwa maringo kama vile ni yangu. Kiangazi kilipokaza ukahamishia ng'ombe upande wa Mwanhuzi kufuata majani, na simu ukaondoka nayo.

Majina yakatoka, nimechaguliwa vyuo viwili. Ilibaki kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu. Niliazima simu kwa jirani nikakupigia kila siku, hupatikani. Ulirudi muda wa kuthibitisha umepita.

"Kule hakuna mtandao, ng'wanone, mwanangu," ulisema, ukanipa pole. Nikaamini. Nikakuchemshia na maji ya kuoga! Mwaka uliofuata mama akaugua, na mtoto aliyekuwa nyumbani ni mimi.

Miaka mingi baadaye, ukiwa kitandani, ndipo ukasema: "Ule ujumbe ulifika. Nilisomewa kule malishoni, nikaomba ufutwe, na simu nikaizima." Nikakuuliza kwa nini. "Niliona ukienda hutarudi." Kisha ukaomba uji, nami nikakunywesha. Mpaka leo sijui nilipata wapi moyo ule.

Sasa nina meza kwenye steshenari mjini Bariadi, nawajazia wahitimu wa kidato cha sita maombi ya vyuo. Wananiita Madam. Wakishafika huko wananipigia, nafurahi nao, halafu nikikata simu roho inaniuma. Nakuwaza wewe, na si kwa wema.

Leo amekuja binti wa Kiloleli na baba yake. Nikamwomba namba ya simu.

"Weka ya baba, Madam."

Nikasema akasajili laini yake kwanza, ndipo tuendelee. Mzee akawaka. "Kwani mimi ni adui wa mwanangu?"

"Hapana, mzee wangu. Hata baba yangu hakuwa adui. Alinipenda sana."

Akanitazama. Kisha akamshika binti yake mkono, wakaenda kutafuta laini.

Lala, Baba. Kaburi lako nalifagia kila nikija, watu wananisifu kwamba nilikupenda. Ni kweli. Kukusamehe ndiko bado.

Ni mimi binti yako, uliyembakiza nyumbani.