Watawa wa Saa Kumi

Jumatatu, 7 Januari

Meli ya watalii imetia nanga saa kumi jioni, kama kawaida. Baridi! Phonsai, mwongoza wageni, alitangulia kukagua kijiji kama mkwe anayekagua ukoo. Dishi la televisheni lifunikwe ungo! Pikipiki ya Thonglor iende nyuma ya banda la nguruwe! Mimi nivue sweta nibaki na shali, meno yakigongana — eti sweta inaharibu picha.

Nikakaa penye kitanda cha kufumia. Kufuma najua, mama alinifunza. Lakini hizi shali ninazouza ni za kiwandani, tena zimevuka mpaka. Phonsai akawaambia wageni jambo refu kwa lugha yao. Wote wakanitazama kwa huruma. Bibi mmoja akafuta machozi.

Nikamuuliza, umewaambia nini?

"Kwamba shali moja inakuchukua mwaka mzima, dada Chansouk. Na kwamba macho yako yameanza kufifia. Hebu tabasamu kidogo — lakini kwa majonzi."

Nikatabasamu kwa majonzi. Shali zikaisha. Buddha anisamehe.

Kabla ya kuondoka Phonsai alikuwa na lalamiko. Kampuni imewaahidi wageni kuona watawa wakipita na mabakuli, watu wakipiga magoti kuwatilia wali. Lakini hiyo ni shughuli ya alfajiri! Na alfajiri mto wote ni ukungu, nahodha hathubutu kusogea. Basi Phonsai kamwendea Mtawa Mkuu, kamwomba watoke jioni. Watawa, ambao adhuhuri ikishapita hawatii chakula kinywani! Mtawa Mkuu kamjibu: "Wewe lirudishe jua nyuma, mwanangu. Sisi tuko tayari."

Nimecheka mpaka mbavu zimeuma.

Alhamisi, 10 Januari

Sicheki tena. Mume wangu Bounhieng amerudi nyumbani kichwa kama yai. Nyusi pia kanyoa.

Kwanza moyo uliniruka. Nilidhani siku imefika! Maana kwetu mwanamume ambaye hajawahi kuvaa joho la utawa, hata kwa wiki moja, huitwa mbichi. Wenzake Bounhieng waliiva zamani, wangali vijana. Yeye ana wajukuu na bado mbichi, kama papai la kupondea kachumbari. Visingizio haviishi: mwaka huu mavuno, mwaka ujao mgongo. Na mama yake, macho karibu yamezima, kifua kinakoroma, anangoja jambo moja tu duniani: mwanawe wa pekee aingie utawani, ili siku yake ikifika ashike pindo la joho lile limvute hadi peponi. Ndivyo walivyoamini wazee wetu, na ndivyo ninavyoamini mimi.

Nikamuuliza: "Unaingia lini?"

"Kesho saa kumi," akasema. "Natoka saa kumi na moja."

Phonsai huyo! Kamkodi yeye na Thonglor muuza nguruwe, wapite mbele ya wageni na mabakuli. Majoho wameyanunua mjini Luang Prabang, dukani, yale ambayo watu hununua kwenda kutoa sadaka.

Nikamwambia ni dhambi.

"Mama Keo, ni mchezo tu. Anayeigiza mfalme jukwaani anakuwa mfalme?"

"Mfalme wa jukwaani hapigiwi magoti na mtu mwenye imani."

"Imani! Hao wageni wana imani? Wana kamera."

Nikatwanga pilipili mpaka ikawa uji.

Ijumaa, 11 Januari

Nitaandika yote kama nilivyoyaona.

Walitokea nyuma ya ghala la mpunga. Thonglor mbele, tumbo limetangulia, bega moja nje kama mtu anayekwenda kuoga mtoni. Mtawa akitoka hekaluni hufunika mabega yote mawili, hata mtoto anajua! Wageni walipiga magoti mikekani. Wale ambao magoti yaligoma wakaletewa viti. Kila mmoja na kikapu chake cha wali wa kunata. Wakautupia mabakulini kama wanaolisha samaki. Mmoja alitia biskuti. Mwingine alitia kikopo cha bia! Thonglor alimbariki huyo kwa moyo wote.

Bounhieng alifuata, macho chini, hatua za taratibu. Na hili ndilo lililonichoma — joho lilimkaa. Lilimkaa vizuri mno.

Mama mkwe tulikuwa tumemwacha kwa jirani, kusudi. Na jirani naye, mdomo hauna kufuli, akamwambia watawa wanapita! Nikamwona anakuja akipapasa uzio, kikapu kifuani, wali alioupika mwenyewe. Akapiga magoti mwisho wa mstari, kando ya Mzungu mwenye kofia pana. Thonglor alimruka upesi. Bounhieng akasimama mbele yake. Akakohoa, kile kikohozi chake cha tumbaku.

Mama akainua uso. "Hieng? Ni wewe, baba?"

Hapo wageni wakasogea na kamera zao, wakanizibia. Niliona kwa vipande tu: mama kalaza paji la uso mavumbini. Mume wangu kainamisha kichwa, midomo inacheza. Alisema nini, sikusikia.

Mama aliponyanyuka uso ulikuwa umelowa. "Ameiva," akaniambia, viganja pamoja kama anayeitikia dua. "Sathu, sathu! Mwanangu ameiva, na wewe hukuniambia!"

Phonsai akaja mbio, meno yote nje. "Dada, bibi huyu ni dhahabu! Anaweza kuja kila meli ikija?"

Nilimtazama tu. Akarudi nyuma mwenyewe.

Jumamosi, 12 Januari

Mama ameamka amekula, ameomba aongezewe. Juma zima alikuwa anasukuma wali kama adui. Kisha akashika fimbo, nyumba kwa nyumba, kutangaza. Kila mtu anajua ukweli na kila mtu anamjibu: "Sathu, bibi, hongera!" Kijiji kizima kimekuwa waigizaji, tena bila kunyolewa.

Bounhieng kajificha kibandani shambani. Nyumbani hawezi kurudi, mama anajua yuko hekaluni. Hekaluni hawezi kwenda, watawa wanajua yuko shambani. Nikampelekea samaki wa kuoka.

"Mwambie ukweli," nikamwambia.

"Mwambie wewe. Wewe ndiye mcha Mungu wa nyumba."

Nilimwachia samaki, pilipili nikaondoka nayo.

Jumatatu, 14 Januari

Meli. Bounhieng kagoma kutoka. Phonsai alimfuata hadi shambani, viatu vyake vyeupe vikanywa tope.

"Kaka, wageni wameahidiwa watawa, si mtawa!"

"Basi waonyeshe mmoja. Waambie wa pili ameshafika Nirvana."

Thonglor akatembea peke yake. Katikati ya sadaka simu ikalia ndani ya bakuli. Akapokea! Hapo hapo akabishana kuhusu nguruwe jike, sauti juu, wageni wakiwa magotini. Phonsai akawaambia hiyo ni sala ya zamani sana. Wakainama.

Jioni nilimkuta Bounhieng kakaa mlangoni pa kibanda. "Nataka kuingia kweli," akasema.

Nikamnusa mdomo. Hakuwa amelewa.

"Mama alipoinama," akasema, "nilihisi kama nimeiba kuku wa jirani, na jirani mwenyewe ananishukuru."

Miaka thelathini nimeishi na huyu mtu. Hajawahi kusema neno zuri kama hilo.

Jumatano, 16 Januari

Tumekwenda kwa Mtawa Mkuu. Alitusikiliza huku akimkuna paka. Nilitegemea hasira. Hakukasirika, na hilo likanitisha zaidi.

"Bounhieng," akasema, "mtu akivaa joho kwa upuuzi, moyoni hajidai kitu, huyo ni mjinga. Wajinga tunawapokea. Hekalu limejaa." Akamshusha paka. "Lakini mtu akijifanya mtawa — akaheshimiwa kama mtawa, akaitika kama mtawa — huyo amelichukua joho kwa wizi. Mlango huu humfungia maisha yake yote. Si mimi niliyeuweka. Na mimi siwezi kuufungua."

Bounhieng akauliza yeye ni yupi kati ya hao wawili.

"Wageni siwahesabu. Hata sanamu ya saruji wanaiinamia. Lakini mama yako aliinama kwa imani. Ulimjibu nini?"

Mume wangu akafungua mdomo. Mtawa Mkuu akainua kiganja. "Usijibu sasa. Siku ya mwezi mpevu, mbele ya watawa wote. Kafikiri."

Tukashika njia ya kurudi. Mbwa wa Thonglor alimbwekea kichwa chake.

Ijumaa, 18 Januari

Phonsai kasikia habari. Anauliza kama shughuli ya kuingia utawani inaweza kusogezwa hadi saa kumi.

Nimemfungulia mbwa.

Jumapili, 20 Januari

Mama kafua nguo zake nyeupe mwenyewe, kwa kupapasa. Tumemwambia kesho kuna ibada ya kumthibitisha mwanawe. Kuthibitisha! Neno nimelibuni mimi. Linasikika kama la serikali. Kifua chake usiku kinakata kuni. Anasema hana wasiwasi tena — kilichobaki ni kushika pindo.

Nilikwenda shambani nikamuuliza Bounhieng uso kwa uso.

"Nilimbariki," akasema. "Aliuliza kama ni mimi, nikamsomea dua. Ile ya watawa. Naijua yote, tangu utoto naisikia kila alfajiri. Ilitoka yenyewe, Mama Keo. Ningefanyaje? Ningemwambia mimi ni mchezo wa saa kumi?"

"Nani mwingine alisikia?"

"Nani asikie? Wageni? Kwao ilikuwa kelele."

Tukatazamana. Mimi, niliyeshika amri tano za Buddha tangu usichana! Ninayekemea watoto kwa uongo wa kijiko cha sukari! Nimerudi nyumbani, nimewasha ubani mbele ya Buddha, nimepiga magoti, na nilichoomba ni kwamba kesho mume wangu adanganye vizuri.

Sikuomba kwa sauti. Nilidhani labda hivyo ni nafuu.

Jumatatu, 21 Januari. Mwezi mpevu

Naandika nimesimama, nyuma ya jiko la hekalu. Nimetoka nikisingizia maji.

Tulianza asubuhi. Ngoma, maua, mwavuli juu ya kichwa chake. Ukungu ulikuwa mzito, watu wakikanyagana visigino. Thonglor alibeba mto wa kukalia, kavaa shati safi, hata kanisalimu kwa adabu. Mama tulimkalisha mkekani karibu kabisa na watawa, kwenye kikomo cha wanawake, asikie vizuri. Wazo langu hilo. Langu mwenyewe!

Bounhieng kavaa nyeupe, kapiga magoti katikati. Mtawa Mkuu hakuzunguka.

"Bounhieng. Siku ile mama yako alipokuinamia njiani, ulimjibu nini?"

Moyoni nilikuwa nampigia kelele: sema hukujibu kitu! Sema ulikohoa! Akageuka kidogo akanitazama. Sijui alitaka kusema nini. Naapa sijui. Midomo ilishaanza kufunguka.

Mama akamtangulia.

"Si aliniombea dua, Mtawa Mkuu!" Alivyoisema! Kama mzazi anayemsifia mwanawe mbele ya mwalimu. "Ile yote, ya umri na uzuri na raha na nguvu. Kwa lugha ya vitabu! Nikamuuliza ni wewe, akanijibu kwa dua. Hakukosea hata neno moja!"

Watawa wote wakatazama sakafu. Thonglor, mto bado mikononi, akaufunikia uso wake. Bounhieng hajasogea. Mtawa Mkuu amefumba macho na mpaka natoka alikuwa hajayafumbua.

Maji nimeshayateka. Ndoo imejaa, inamwagika, na miguu haitaki kurudi ndani.

Mlango wa ukumbi uko wazi, kutoka hapa namwona na kumsikia mama. Ananiita, kwa sauti ya chini, akipapasa mkeka upande niliokuwa nimekaa.

"Mkwe? Uko wapi? Mbona wamenyamaza, mwanangu? Nimesahau kitu? Waambie waniulize tena, nitawasomea dua yote, nimeishika kichwani..."

Na sasa ameanza kuisoma.