Maharage ya Shamba la Zefania

Mwamkulu, Mpanda

Wifi Adela,

Pole na upweke wa huko Ujerumani. Huku mvua ni nzuri, na yule mbuzi wako kazaa.

Unauliza majivu ya mumeo Zefania tumeyamwaga wapi. Wifi, tuliogopa kumwambia mama kwamba mwanawe alichomwa moto, tukalificha kopo jikoni. Mama alipolikuta, akachanganya majivu yale na mbegu za maharage zisibunguliwe, kama afanyavyo kila mwaka. Kazipanda zote shambani kwa Zefania.

Laiti tungemwambia mapema! Sasa maharage yamechanua. Katikati ameacha nafasi ya kaburi. Kila jioni anaipalilia, kisha ananiuliza mwili utafika lini.

Wifi yako,
Scolastica