Figo Yangu, Sahihi ya Athumani

Jumatatu, 8 Septemba
Mbaazi za kuuza zimekwisha kabla ya saa mbili. Maandazi yalibaki matano, wajukuu wameyamaliza. Magoti yananichoma. Nimemeza diklofenaki mbili, ya asubuhi na ya mchana, kama kila siku. Bila hizo jikoni sisimami. Alhamisi ni ultrasaundi. Miezi mitano tangu wanipasue ubavu wa kushoto kunitoa jiwe la figo. Zuhura kashaanza kunitayarishia nguo. Binti yangu huyu, ukimwachia ataninawisha na uso. Bahasha ya vyeti vya hospitali anatunza yeye. Mie sijawahi hata kuishika.

Alhamisi, 11 Septemba
Zuhura alikuwa dirishani na karatasi za bima, nikaitwa. Nikaingia peke yangu. Dada wa kipimo ana adabu, shikamoo bibi, lala hapa bibi. Kanipaka ule uteute wa baridi. Kapitisha kidude chake kulia. Kapitisha kushoto. Karudi kushoto tena.
"Bibi, hii figo ya kushoto walikutoa lini?"
"Figo gani? Mie nilitolewa jiwe."
Kaangalia kioo, kaniangalia mie. Kisha kasema na ya kulia ni kubwa kuliko kawaida, daktari atanieleza.
Moja haipo. Nyingine imevimba. Nimeshuka kitandani sijui viatu viko wapi.
Nimemwambia Zuhura. Hakushangaa. Alilia tu.

Ijumaa, 12 Septemba
Athumani kaja kutoka Kigamboni. Mwanangu wa kwanza, ana mvi, lakini leo kakaa kama mtoto aliyevunja kikombe. Kasema yote. Siku ya upasuaji, mie nimelala kwa dawa, daktari alitoka nje akawaambia yeye na Zuhura kwamba jiwe limeiharibu figo nzima, imejaa usaha, ikibaki itaniua. Athumani akatia sahihi. Daktari akauliza nani atamwambia mgonjwa. Wakasema sisi, nyumbani, taratibu.
Miezi mitano taratibu hiyo!
"Mama, tuliogopea presha yako."
Presha yangu! Nimezika mume. Nimezika watoto wawili. Siku hizo presha ilikuwa imekwenda wapi? Nimewafukuza wote wawili. Walipofika mlangoni nikawarudisha, maana wali ulikuwa tayari na samaki ni wengi. Wamekula. Sikuwasemesha.

Jumamosi, 13 Septemba
Mama Rehema wa jirani kaja na maneno yake, eti figo siku hizi zinauzwa. Nimemwambia aende akauze ya kwake, anunulie soda. Yangu ilioza. Sikuibiwa figo. Nimeibiwa habari, na walioiba nimewazaa mwenyewe.

Jumapili, 14 Septemba
Naogopa. Kumvimbia mtu kitu kilichobaki kimoja tu! Nikiweka mkono ubavuni nahisi kama nitaigusa.
Shule mie sikuiona. Herufi alinifundisha Zuhura akiwa darasa la tatu, kwa mkaa, kwenye ukuta wa uani. Leo nimeitoa bahasha kabatini kwake. Kiingereza kitupu. Nimetambua majina mawili tu. Langu liko juu ya kila karatasi. Jina la Athumani liko mahali pamoja, chini, kwenye sahihi.
Basi vyeti ni vyangu. Viko chini ya godoro langu. Atakayevitaka aninyanyue kwanza.

Jumanne, 16 Septemba
Kliniki. Daktari kijana, mpole. Kafungua vyeti, kamgeukia Athumani. "Sasa kaka, hali ya mama..."
Nikamkata. "Daktari mwanangu, figo ni ya nani?"
Kacheka. Kisha kaona sicheki. Kageuza kiti chake kizima kanielekea mie.
Kanieleza vizuri. Ile ya kulia haiumwi. Mwenzake alipokufa ikabeba kazi ya zote mbili, na kwa kazi hiyo ikakua. Ndivyo zilivyo. Moja ikitunzwa inatosha mpaka mwisho. Nikapumua.
Kisha kauliza dawa ninazokunywa. Nikamtajia. Diklofenaki, asubuhi na mchana, tangu nilipotoka hospitali. Kaweka kalamu chini.
"Bibi, hizo zinaua figo! Nani kakuruhusu kunywa hizo, una figo moja?"
"Hakuna aliyeniambia nina figo moja."
Sikumtazama Athumani. Sikuwa na haja.
Wamenitoa damu. Majibu mchana: kipimo cha figo kimepanda. Si sana, lakini kimepanda. Niache vidonge leo hii, nirudi baada ya wiki mbili tuone kama imeumia kabisa.

Alhamisi, 18 Septemba
Magoti yanalia. Nimekaangia maandazi nimekaa kwenye kigoda. Zuhura kasema nipumzike, atauza yeye. Nimemwambia mikono yangu haina kasoro. Vidonge vilivyobaki nimevitupa chooni, nikasimama nikahakikisha vimezama. Sitakufa kwa sababu ya huruma ya mtu.

Jumanne, 30 Septemba
Wote wawili walinisindikiza. Nikawaambia kaeni kwenye benchi. Nimeingia peke yangu na bahasha kwapani.
Kipimo cha figo kimeshuka. Hakijafika pale daktari anapopataka, lakini kinashuka. Kila miezi mitatu damu. Maji ya kutosha. Vile vidonge marufuku maisha. Kwa magoti kanipa dawa nyingine na mazoezi ya kunyoosha miguu.
Nimetoka nikawaambia mwenyewe, neno kwa neno, kibaya na kizuri. Sikupunguza. Zuhura kalia, nikampa khanga yangu ajifute. Athumani kaenda kusimama ukutani, katugeuzia mgongo.

Jumapili, 5 Oktoba
Athumani kaja asubuhi, peke yake. Shikamoo mama, unaendeleaje? Kwa kawaida namjibu salama mwanangu, hata nikiwa siwezi kugeuza shingo. Nami ndivyo nilivyowalea, kwa uongo wangu huohuo.
Leo nimemwambia. Goti la kulia limenikatalia kuinuka. Mkojo uko sawa. Na zile siku za kungoja majibu niliogopa sana.
Kavua viatu, kakaa mkekani, kaupakata mguu wangu, kaanza kunikanda. Anakanda vibaya, vidole vigumu kama vya fundi bomba.
Nimemwacha akande.