Marashi ya Mwezini

Kimamba, 6 Februari 1972

Mpendwa Baba Verdiana,

Pokea salamu zetu. Mimi sijambo, ni uchovu tu wa zamu za shamba la kijiji. Wewe hujambo huko Mikumi? Tembo wanawaacha ninyi askari wao mlale?

Mtoto si mzima. Daktari wa Kilosa ameniambia waziwazi kwamba moyo ule hautengenezeki, tumpumzishe, tumfurahishe. Sasa nisikilize, na usicheke. Redio ya Mzee Marko dukani ilisema wale waliokwenda mwezini walirudi na vumbi kwenye nguo, na vumbi lenyewe lina harufu. Harufu gani, Marko hakusikia, alikuwa anagombana na mteja juu ya sukari. Tangu siku hiyo binti yako ana neno moja: "Mama, nitengenezee marashi ya huko juu."

Nikamwuliza ya nini.

"Nikienda nisishangae."

Baba Verdiana, nani kamwambia anakwenda? Si mimi.

Mama Letisia, huyu jirani anayetengeneza marashi ya maharusi, ananisaidia. Tulichemsha mafuta ya ufuta kwa karafuu na asumini. Mtoto akanusa: "Hii harusi ya shangazi." Tukatia masizi. "Hili jiko." Mama Letisia akasema, "Mwenzangu, huyu mkali kuliko mama mkwe!" Verdiana alicheka mpaka pumzi ikamkatika, nikajuta kumchekesha.

Waulize wageni wa hifadhini kama wanaijua harufu hiyo. Na uje. Anakuulizia.

Mkeo,
Mama Verdiana


Mikumi, 20 Februari 1972

Mpendwa Mama Verdiana,

Habari za huko na za uchovu wako? Mimi mzima, ila mbu.

Nimemwuliza mtalii mmoja, naye alisoma gazetini: walisema vumbi la mwezini linanuka baruti iliyokwisha lipuka. Nikacheka. Hiyo naivuta kila siku bila kwenda mbali! Nimempa Simoni, dereva wa lori la kuja huko, maganda mawili ya risasi. Nimeyafunga kwenye kipande cha shati langu la kazi yasipoteze harufu.

Ruhusa bado. Majangili ni wengi, bosi hataki kusikia habari ya likizo. Nitakuja mvua zikikolea. Mwambie baba anamchongea twiga.

Mumeo,
Baba Verdiana


Kimamba, 5 Machi 1972

Mpendwa Baba Verdiana,

Natumaini u mzima. Mimi nipo, silali vizuri.

Mzigo ulifika. Mama Letisia alikwangua ule weusi wa ndani ya maganda, akautia kwenye mafuta yaliyopoa, mbali kabisa na moto, huku akiniambia, "Nyumba ikiruka, mimi sikuwepo." Tukampaka mtoto mkononi. Akanusa mkono. Akanusa na kile kitambaa chako, akakaa nacho puani muda mrefu.

"Huyu ni baba," akasema. "Baba akitoka kazini."

Nikamwambia ndiyo, na mwezini kunanuka hivyo hivyo.

Akafikiri, kisha akaniuliza taratibu, "Kumbe baba alishakwenda? Ndiyo maana haji?"

Nimemwapia kwamba u hai, uko Mikumi. Alinitazama kama watu wazima wanavyomtazama mtu anayewaficha msiba. Akanipigapiga mgongoni, yeye, akanibembeleza mimi! Sasa hatazami tena mlangoni. Uji hataki, anasema atakula huko kwa baba.

Harufu hii tumeitengeneza sisi, mimi na wewe, na mimi peke yangu siwezi kuifuta. Anatakiwa akuone kwa macho. Usingoje mvua, usingoje ruhusa. Panda lori lolote.

Mkeo,
Mama Verdiana


Mikumi, 19 Machi 1972

Mpendwa Mama Verdiana,

Salamu. Barua yako nimeisoma porini, nikarudia.

Nakwambia ukweli. Bosi angeniachia, kama ningembana. Ni mimi. Nikimfikiria amelala vile, nachukua bunduki narudi porini. Nyati namsogelea, kitanda kile siwezi. Nipe mpaka Pasaka nijikaze.

Msomee barua hii, auone mwandiko wangu. Mwambie wafu hawaandiki barua.

Baba Verdiana


Kimamba, 29 Machi 1972

Baba Verdiana,

Salamu. Habari zangu sina.

Barua yako ilifika tumeshatoka makaburini, kwa hiyo mwandiko hakuuona.

Hakuteseka. Alinishika kidole, akasema, "Mama usilie, baba atanipokea." Nilikuwa na nafasi ya kumkatalia, maana maisha yake yote sikumdanganya hata kuhusu dawa chungu. Nikasema, "Ndiyo mwanangu, yuko mlangoni." Akalala.

Akina mama walipomwosha waliniuliza wampake marashi gani. Mama Letisia akachukua ile chupa. Nikamwambia airudishe, wampake ya waridi kama watoto wengine. Yeye alimtaka mtu, hakutaka harufu.

Sikuandikii kukulaumu, nguvu hizo sina. Wazee wamekataa kuanua matanga kabla baba mtu hajafika. Watu wanalala kwenye mikeka, mvua inawapiga, na shamba la kijiji linawangoja, lakini hakuna aliyeondoka.

Barua hii anayo Simoni. Nimemwomba asizime lori mpaka umalize kusoma.

Usinijibu. Panda.

Mama Verdiana