Punje Chini ya Kidole cha Pete

Torino, siku ya mapumziko

Habari ziwafikie Njiru wa Gachoka, mkewe Karimi, Mama mzazi, na jamaa wote walioko Kiambere na Mikinduri, popote walipo. Kwa majonzi makubwa natangaza kifo cha ukucha wa kidole gumba changu cha kulia, kilichotokea ghafla Jumapili baada ya chakula cha mchana. Marehemu alikuwa amefugwa kwa muda mrefu, akasuguliwa kwa msasa na kupakwa mafuta ya zeituni, na nyuzi zote nene za gitaa zilimtegemea. Ameacha ndugu zake wanne mkono huohuo. Hakuna harambee. Chanzo cha kifo nitakieleza mwishoni, kwa sababu nikianza nacho, kaka, utaikunja barua hii na kurudi shambani.

Tuyaache ya msiba. Hamjambo huko? Goti la Mama linaendeleaje? Mvua imewafikia, ama bado mnatazama mawingu yakipita juu ya vichwa vyenu kwenda kuwanyeshea watu wa Embu walioshiba tayari? Mimi ni mzima. Bado niko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Ndani kuna joto la Kiambere, nje kuna baridi ambayo hata kule juu mlimani hawaijui, na mimi napita katikati siku nzima na kikapu cha mashuka. Sabuni yao imenifuta mistari ya viganja. Mtabiri akinishika mkono leo ataniambia bado sijazaliwa.

Naandika Kiswahili makusudi. Karimi alilalamika mara ya mwisho kwamba Kimbeere chetu ni cha kumficha mtu wa Mikinduri mambo. Shemeji, hakuna siri. Soma kwa sauti, na ukifika mahali ninapomsema mumeo, ongeza kidogo.

Ni wewe Karimi uliyenitoa nyumbani Jumapili hiyo. Uliniandikia kwamba kaka ametundika gitaa ghalani, kwenye msumari wa jembe, na kwamba watoto wakija Jumamosi anawaambia waende wakachunge. Ukanieleza na sababu. Kwamba kwenye tamasha la muziki kule Embu, Wanja, yule mwanafunzi wake bora, alipiga vizuri mpaka ukumbi ukanyamaza. Mwamuzi akamwita mbele, akamwambia afungue mkono wa kulia. Punje ya mahindi ikaanguka kwenye sakafu ya mbao, na kila mtu akaisikia.

"Hiyo ni nini?" mwamuzi akauliza.

"Ni punje, mwalimu."

"Ya kazi gani?"

"Ya kushikilia kidole cha pete, kisitoke."

"Na nani alikuambia kidole kizima kinyimwe kazi?"

Mtoto akaelekeza kidole kwako, kaka, na ukumbi ukacheka. Mwamuzi akasema hicho ni kilema cha kufundishwa. Ukarudi nyumbani, ukatundika gitaa, na tangu hapo hujalishusha.

Sikucheka niliposoma. Mimi pia nililelewa na punje hiyo. Ulinikalisha juu ya debe, mguu wa kushoto kwenye jiwe, ukaniwekea hindi moja kiganjani na kulifunika kwa kidole changu cha pete. Nikiliangusha tu, naanza wimbo upya. Mengi yaliliwa na kuku kabla sijaufikia mwisho wa ule wimbo tuliouita Mbuzi wa Padre, kwa vile unapanda na kushuka kama mbuzi kwenye mawe. Nilipokuuliza kwa nini kidole kimoja kifungwe, ulinijibu, "Padre anapiga hivyo." Na kweli Padre Anselmo wa misheni, aliyekufundisha wewe, alipiga hivyo, akiwa amebana punje ya rozari iliyokatika. Kwetu hilo lilitosha. Nani angemuuliza Padre kuhusu kidole chake?

Basi nikasema, Padre alizikwa kijijini kwao, na kijiji hicho si mbali na hapa. Nitaenda niulize kaburi. Nilikuwa na wazo la kipumbavu kwamba kaburi litanijibu.

Kaburi halikujibu. Lakini mtunza kanisa, aliponisikia nikilitaja gitaa, alinionyesha nyumba yenye madirisha ya kijani upande wa pili wa uwanja. Nikabisha hodi. Akafungua mama mzee, mfupi, aproni kiunoni, unga mpaka kwenye viwiko. Anaitwa Sinyora Ottavia. Sinyora ni kama sisi kusema Mama Fulani, kwa heshima. Nikaanza kujieleza kwa Kiitaliano changu, ambacho watu wa huku hukisikiliza kama redio yenye betri kuukuu, kwa huruma na kwa sikio moja.

"Unauza nini?" akaniuliza.

"Siuzi kitu, Sinyora. Natafuta aliyemjua Padre Anselmo."

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Alimfundisha kaka yangu gitaa, Afrika."

Hapo aliacha kunitazama usoni, akatazama mikono.

"Na wewe, nani alikufundisha?"

"Kaka yangu."

"Wewe ni mtoto wa nyumba hii basi. Ingia, futa miguu."

Kaka, nilisimama mlangoni kama nimepigwa shoti. Ni vile wazee wetu wanavyokuuliza wewe ni wa kwa nani, ukitaja babu anayejulikana unapewa kiti. Nilikuwa nimekuja mbali kote huko, na mtu ananiuliza swali la Gachoka.

Alinilisha kwanza. Huku nako mgeni hasemi kitu kabla ya kula. Kisha akatoa gitaa kuukuu, rangi imechakaa mahali mkono unapopita, na kistuli cha kuwekea mguu wa kushoto. Nikakaa. Nikalikumbatia. Mezani palikuwa na bakuli la dengu kavu za huku, kubwa kuliko ndengu zetu, alizokuwa anachagua mawe. Kabla sijagusa uzi, aliokota dengu moja, akanishika mkono wa kulia, akaiweka kiganjani, akaifunika kwa kidole changu cha pete.

Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu punje. Karimi, hapa tulia kidogo kabla hujaendelea, maana mimi mwenyewe nilitulia. Nilikaa na dengu ile kiganjani. Hakunikumbusha Padre. Alinikumbusha wewe, kaka. Alikibonyeza kidole mara mbili, vilevile unavyofanya, kama mtu anayefunga mfuko wa mbegu.

Nikapiga Mbuzi wa Padre. Nilipofika pale karibu na mwisho ambapo sisi hupunguza mwendo, mahali unapotuambia mbuzi anaangalia chini kabla ya kuruka, Sinyora alipunguza pumzi na mimi, tukasimama pamoja, tukaruka pamoja.

"Anselmo hakusahau," akasema. "Mwizi mkubwa wa matunda yangu, lakini hakusahau."

Ndipo akaanza kutaja majina. Yeye na Anselmo walifundishwa pamoja, wakiwa watoto, na mzee mmoja wa kijiji hicho aitwaye Baldo. Baldo alifundishwa na kinyozi. Kinyozi alifundishwa na mama aliyeshona glavu. Huyo mama alifundishwa na mtu ambaye jina lake limepotea, anaitwa tu yule wa Napoli, na kwa waliomtangulia Sinyora alipeperusha mkono kuelekea dirishani, kama wazee wetu wanapofika mahali ambapo ukoo unakuwa mto au kilima. Kisha akageuka na kuteremka upya: yule wa Napoli, mshona glavu, kinyozi, Baldo, Anselmo. Akaningoja.

"Njiru," nikasema.

"Njiru," akasema, na jina lako likakaa kwenye foleni ile bila mtu kulipinga. Nilijihisi mdogo sana na mkubwa sana. Kinyozi aliyeoza zamani anamkunja mtoto kidole Gachoka, chini ya mabati, na kuku wanangoja.

Nikamuuliza sasa kuhusu kidole. Nikamweleza mwamuzi alivyosema. Nilitegemea akasirike. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni, unga ukambakia usoni.

"Mwamuzi wenu yuko sawa," akasema.

Kaka, pole. Nakuandikia alivyosema. Baldo alikatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe akiwa kijana. Mshipa wa kidole cha pete ukafa, kikawa kinatetemeka na kukwaruza nyuzi. Akawa anabana dengu ili kitulie. Kilikuwa kidonda chake, si mtindo. Lakini Ottavia na Anselmo, watoto wawili wanaomtazama mwalimu kama tulivyomtazama Padre, wakaenda kuiba dengu jikoni na kufunga vidole vyao vizima. Baldo alipowaona alicheka kwanza. Kisha akafikiri. Akaona kwamba mtoto aliyefunga kidole kile anajifunza kuvitumikisha vizuri gumba na viwili vinavyofuata. Akawaacha. Na siku mtoto alipoweza kupiga wimbo mzima bila kuiangusha dengu, Baldo alimwambia aitupe mwenyewe, afungue mkono, na kidole cha nne kianze kazi kikikuta wenzake wameshajua njia.

"Kwa hiyo kuna sehemu ya pili," nikasema.

"Sehemu ya pili ndiyo somo."

"Mbona Padre hakutufundisha?"

"Kwa sababu hakuipata. Walimchukua seminari kabla Baldo hajamwambia atupe. Alienda na dengu mfukoni, mjinga wangu."

Ndiyo hivyo, kaka. Hukufundisha kilema. Umefundisha nusu ya kwanza, neno kwa neno, kama ulivyopewa, na nusu ya pili imekaa miaka yote hii nyumbani kwa mama anayechagua dengu.

Akaniambia nitupe. Nikafungua kiganja, dengu ikaangukia mezani. Kidole changu cha pete kikabaki kimejikunja vilevile. Nilipokilazimisha kilitetemeka kama mwanakondoo anayezaliwa, kikagusa uzi mwembamba, ukatoa sauti mbaya ajabu. Sinyora akasema, "Vizuri sana," kwa sauti ya mtu asemaye uongo mtakatifu.

Kabla sijakiri yangu, nisalimie watu. Mama, mpeni pole ya goti, mwambieni sijaoa Mzungu, aache kuwauliza majirani. Dada yetu Muthoni wa Kiambere, mama wa mapacha, msalimieni na mapacha wake. Baba mkwe wa Mikinduri, mwambieni bado nakumbuka alivyonishinda kwa kuongea siku ya mahari yenu, na kwamba nafanya mazoezi. Wanja, mwambieni alipiga vizuri.

Sasa chanzo cha kifo. Nilikuwa nimepanga kukuambia ukucha ulivunjika nikipiga kwa nguvu mbele ya Sinyora, ukabaki kwenye gitaa lake kama kumbukumbu. Ukweli ni kwamba niliula. Nikiwa navaa koti, Sinyora alirudi kwenye unga wake, akaniuliza bila kuinua macho, "Na huyo Njiru, ana wanafunzi?"

Nilimuuliza kwanza yeye ana wangapi, ili nipate muda. Akasema hana. Kijiji hakina watoto tena. Wake wa mwisho alihama, akaacha muziki. Nikatia gumba mdomoni kama mtoto wa shule asiyejua hesabu, na nikasikia ukucha ukikatika. Nikasema, "Anao, Sinyora. Kila Jumamosi. Wanajaa mpaka nje."

Akaacha kukanda. "Basi dengu ya Baldo iko huko tu," akasema, na akaendelea kukanda, lakini polepole, kama mtu aliyetua mzigo.

Sikuweza kumrekebisha. Nimesema uongo kwa jina lako mbele ya mtu aliyekaa kwenye kistuli kimoja na mwalimu wako, na tangu siku ile hata mashuka ya hospitali naona yananitazama. Wa kuufanya uwe kweli si mimi. Mimi nilichofundisha watu ni kukunja foronya. Shusha gitaa Jumamosi. Mwite Wanja. Mpe punje kama kawaida, apige Mbuzi wa Padre mpaka mwisho, halafu mwambie aitupe. Usiiokote, kaka. Kuku wapo.

Mdogo wako na mwanafunzi wako, wa gumba butu,
Ireri